Nani anakula moto wa batri?

Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, katika kartiye Lumumba, Bunia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maulizo ya mwisho.

 

Komite imetuomba tueleze habari ya gari. Kwenye hesabu ya mwaka mmeona mstari mmoja ulioandikwa "batri, mara tatu, dola 330". Mama mmoja alituuliza pale mlangoni kabla hatujaingia: "Hii gari yenu inakula batri sawa vile mbuzi inakula majani?" Mama, ulizo lako ni la haki. Mchango wa mwezi ni franka 2,000. Dola 330 ni mamia ya michango ya watu wanaouza samaki, mihogo na makala. Kwa hiyo leo hatutasoma namba tu. Tutaeleza moto ulikuwa unakwenda wapi, nani alisingiziwa, na kosa lilikuwa la nani. Tunawaambia tangu mwanzo: kosa lilikuwa letu sisi wa timu.

Kwanza, gari yenyewe. Wengi wenu mnaijua. Ni Land Cruiser ya zamani, ile ndefu ya milango miwili nyuma, ya mazutu. Tulipoipata ilikuwa imefanya kazi ya watu wengine miaka mingi. Tuliitengeneza iwe karibu kama nyumba, juu mnajua vijiji tunavyofikia. Tunashuka kwa Bogoro, tunaenda pande za Kasenyi na Tchomia, na mahali pengine mtu aliyerudi hana hata chumba cha kulala yeye na watoto, sembuse cha kumpa mgeni. Tuliona si vizuri kumnyang'anya mtu shitingi yake ya usiku mmoja. Kwa hiyo tulitia kitanda ndani ya gari, taa mbili, frigo ndogo ya dawa, na kile kisanduku kinachogeuza moto wa batri ili tuchaji ordinatere na kipaza sauti cha mikutano. Kwa kazi hiyo tulitia batri ya pili nyuma ya kiti. Batri ya mbele ya kuwasha mashini, batri ya nyuma ya nyumba. Kila moja na kazi yake. Hivyo ndivyo tulivyofikiri.

Kwa miezi sita ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha batri ya mbele ikaanza kufa. Jumatatu asubuhi shofere anageuza ufunguo, inasema tak, tak, tak, inanyamaza. Tukanunua mpya. Ikafanya miezi michache, tak, tak, tak. Tukanunua nyingine. Hiyo nayo ikafuata njia ya wenzake. Tukasema muuzaji anatuuzia batri zilizolala dukani. Tukabadilisha muuzaji, tukanunua ya tatu.

Halafu ulikuja usiku ule. Tulikuwa tumelala katika kijiji kimoja cha njia ya ziwa, siku ya tatu bila kuwasha mashini. Saa tisa za usiku walikuja kutuamsha. Mama mmoja alikuwa amejifungua ndani ya kibanda chake, mtoto salama, lakini damu haikatiki. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa nasi safari ile, na ndani ya frigo yetu kulikuwa na ositosine, ile sindano inayosaidia kizazi kujikaza damu ipungue. Ni dawa inayotaka baridi ya digrii 2 hadi 8, ndiyo sababu tunatembea na frigo. Alimpiga sindano. Akasema: sasa tumpeleke hospitali, bila kungoja.

Shofere akageuza ufunguo. Tak, tak, tak.

Watu wa kijiji walitoka kusukuma, wababa, vijana, hata wamama wawili wenye watoto mgongoni. Tuliisukuma mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka tukafika penye mteremko. Pale ndipo mashini ilikubali. Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Mama yule alifika akiwa hai, leo ni mzima, na ameturuhusu kusimulia habari hii bila jina lake. Lakini muuguzi alituambia waziwazi: dakika arobaini kwa mtu anayetoka damu si kitu cha kusimulia ukicheka.

Tuliporudi Bunia hasira ilikuwa nyingi, na hasira inatafuta mtu wa kuikalia. Ikamkalia shofere. Ufunguo unalala kwake. Wikendi gari iko kwake. Mmoja akasema alimuona Jumapili na simu za watu zikichajiwa ndani ya gari. Mwingine akaongeza kwamba anauza moto, franka 500 kwa kila simu. Tulimuita mbele ya ofisi. Akasema: "Nilichaji simu yangu na ya mke wangu. Batri sikuiua miye." Sisi, wenye diploma zetu, tukamjibu kwamba batri haijiui. Komite ikamsimamisha kwa miezi miwili bila mshahara, kwa ripoti tuliyoiandika sisi.

Na si hilo tu. Ndani ya wiki ile watu wakaanza kuuliza: huyu shofere ametoka kijiji gani? Babake ni nani? Ninyi mnajua hapa Ituri ulizo hilo linapeleka wapi. Wengi wenu mlivuka ziwa Albert mwaka 2018 mkashukia Sebagoro na kupelekwa Kyangwali, juu ya maulizo ya namna hiyo. Mutualite hii ilianzishwa ili watu waliorudi wasaidiane bila kuulizana. Na sisi, kwa sababu ya batri moja, tulikuwa tumefungua mlango ule tena.

Aliyetusaidia ni kijana wa hapa Lumumba, mwanachama mwenzetu, aliyejifunza kazi ya umeme wa magari alipokuwa mkimbizi Uganda. Alisikia habari, akaja mwenyewe na multimetri yake ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuuliza nani anashikilia ufunguo. Alisema hivi: "Batri iko na njia tatu za kufa. Imezeeka, ama hailishwi, ama kuko kitu kinaikula. Tuiulize yenyewe, haina kabila." Watu walicheka. Kisha akafanya kazi siku mbili, na sisi tukiandika. Tunataka mfuate hatua zake, juu hata ninyi wenye batri ya sola nyumbani mtazihitaji.

Hatua ya kwanza: kusoma batri ikiwa imelala. Multimetri unaiweka kwenye volti za moto wa moja kwa moja, waya nyekundu kwenye plusi, nyeusi kwenye masi. Lazima batri iwe imepumzika masaa kadhaa, bila kuchajiwa na bila kutumiwa, la sivyo itakudanganya. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.4 imebaki na robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 imeisha. Muone tofauti ni ndogo namna gani: kati ya kushiba na njaa hakufiki hata volti moja. Mtu anayesema "iko na 12, iko muzuri" anajidanganya, na sisi tulikuwa tunajidanganya hivyo mwaka mzima.

Asubuhi ile batri ya mbele ilionyesha 12.1. Ya nyuma ikaonyesha 12.1. Kijana akasimama, akapima tena. 12.1 na 12.1. Akatuuliza: "Mulisema hizi batri zinatengana mashini ikizimwa?" Tukasema ndiyo. Akasema: "Batri mbili zenye kutengana, moja kubwa, moja kadogo, kila moja na kazi yake, zinaamkaje na namba moja?" Sisi hatukuwa na jibu. Yeye hakusema zaidi.

Hatua ya pili: je, imezeeka? Alizitoa zote mbili, akazichaji mbali na gari mpaka zikajaa, akaziacha zilale usiku mzima. Ya mbele ikasoma 12.6, ya nyuma 12.5. Akarudisha ya mbele, akapima wakati mmoja wetu anageuza ufunguo. Mashini ya mazutu inavuta moto mwingi sana wakati wa kuwashwa, lakini batri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Yetu ilishuka mpaka 10.4, ikapanda. Kwa hiyo batri ya tatu ilikuwa nzima. Muuzaji tuliyemsema vibaya hakutuuzia takataka. Mbili za kwanza zilikufa kweli, lakini tulizinunua zikiwa hai, zikafia mikononi mwetu. Batri ya kuwasha gari haipendi kuachwa tupu. Ukiimaliza na kuiacha hivyo siku kadhaa, bamba zake za ndani zinashika ugumu mweupe ambao chaji haiuondoi tena. Ukirudia mara kumi, imekwisha.

Hatua ya tatu: kuko kitu kinaikula? Hapa kijana alizima kila kitu, akatoa ufunguo, akafunga milango. Akafungua waya ya masi ya batri ya mbele, akaweka multimetri katikati ya ile waya na batri, kwenye tundu la amperi 10, ili moto wote unaotoka upite ndani ya multimetri kwanza. Onyo lake tunalirudia: multimetri ikiwa pale, usijaribu kuwasha mashini hata kidogo, utaichoma. Na ukimaliza, rudisha waya yake kwenye tundu la volti, la sivyo mara nyingine ukipima batri utatoa cheche.

Gari iliyolala inaruhusiwa kula kidogo, kwa saa na redio. Miliamperi 50 ni nyingi kwa gari ya zamani. Yetu ilikuwa inakula amperi 1.9 kutoka batri ya mbele peke yake. Ni karibu mara arobaini ya ile ruhusa.

Akaanza kutoa fizibu moja moja na kuzirudisha, macho kwenye multimetri. Fizibu ya redio, namba ikashuka kidogo sana. Ya honi, hakuna. Ya taa, hakuna. Zote za mbele zikaisha na namba iko palepale. Kisha akaenda nyuma, kwenye fizibu ya frigo, ambayo kwa mpango wetu haina neno na batri ya mbele. Akaitoa. Namba ikaanguka mpaka 0.03.

Ndipo tulipoelewa. Frigo ya nyuma ilikuwa inanyonya batri ya mbele pia. Kati ya batri zile mbili kuko rele, kama mlango: mashini ikinguruma inafunguka ili alternateri ilishe zote mbili, mashini ikizimwa inajifunga ili nyumba isile moto wa kuwasha. Kijana aliitoa rele yetu, akaipasua mbele yetu. Ulimi wake wa ndani ulikuwa umeyeyuka na kushikana na mwenzake. Mlango ulikuwa wazi mchana na usiku, pengine tangu miezi mingi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Frigo yetu, ukichanganya dakika inazofanya kazi na dakika inazopumzika, inakula karibu amperi 2 kila saa. Sisi tulikuwa tunaiacha ikiwaka wikendi ili Jumatatu iwe na baridi. Tulisema haina shida, inakula batri ya nyuma tu. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni masaa 60. Mara 2 ni amperi-saa 120. Batri zote mbili kwa jumla, zikijaa kabisa, zina 190. Ndiyo maana gari ilikuwa inakufa Jumatatu. Si juu ya Jumapili ya shofere. Ni juu ya frigo yetu.

Na simu? Kijana aliihesabu pia. Simu moja ya siku hizi, tangu tupu mpaka kujaa, inatoa kwenye batri ya gari karibu amperi-saa 1.7, pamoja na moto unaopotea njiani. Ili shofere amalize 120 angepaswa kuchaji simu 70 katika wikendi moja. Muulizeni mtu yeyote wa mtaa wake kama aliona simu 70 zimepanga mstari. Alichaji mbili. Alituambia mbili.

Hatua ya nne: je, inalishwa? Wengi wakipata kosa moja wanafunga mfuko na kwenda. Kijana hakufunga. Aliwasha mashini, akawasha na taa kubwa ili kuipa kazi. Kwenye alternateri yenyewe akapata volti 14.2. Hiyo ni nzuri. Kati ya 13.8 na 14.5 ni afya. Ikizidi 15 inachemsha maji ya batri. Ikiwa chini ya 13.5, haishibishi. Batri ya mbele: 14.1. Batri ya nyuma: 12.9 tu. Yaani mlango uko wazi, lakini chakula hakifiki.

Moto, akatueleza, ni kama mtu anayekwenda sokoni: unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Watu wanapima ya kwenda, ile ya plusi, wanasahau ya kurudi, ile ya masi, inayopita kwenye mwili wa gari. Mashini ikinguruma, akaweka waya moja ya multimetri kwenye masi ya batri ya nyuma na nyingine kwenye mwili wa alternateri. Palitakiwa kuwa karibu na sifuri, isizidi 0.2. Pakawa na 1.1. Volti nzima na zaidi inapotea njiani kurudi. Tukainua zulia la nyuma. Bulone ya masi ilikuwa imefunikwa na kutu na unga wa kijani.

Maji yalitoka wapi? Samaki. Mara nyingi tukirudi kutoka ziwani tulibeba mizigo ya wamama, makayabo na samaki wabichi, juu usafiri ni ghali. Maji ya chumvi yakashuka chini ya zulia, yakakaa juu ya bulone ile. Hatusemi tusibebe samaki tena. Tunasema tutabeba ndani ya bidoni zilizofungwa, na bulone tumeisugua mpaka chuma kikang'aa, tukaikaza, tukaipaka grisi, tukahamisha masi juu, mbali na sakafu. Baada ya hapo batri ya nyuma ikasoma 14.0.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, yakisaidiana kujificha. Batri ya nyuma haikushiba hata siku moja, na kwa kuwa ina njaa, ilimnyonya mwenzake kwa mlango usiofungika.

Sasa, rele ilishikana kwa nini? Hapa ndipo tunapowajibika. Ile waya ndogo inayoiamuru rele kufunguka, tuliiunganisha kwenye kontaki ya ufunguo. Maana yake, ukigeuza ufunguo tu, kabla mashini haijawaka, mlango umeshafunguka. Kisha demarere inavuta moto mkubwa, na sehemu yake inatoka batri ya nyuma kwa kupitia rele iliyotengenezwa kubeba amperi 30. Kila asubuhi iliungua kidogo, mpaka ikashikana. Fundi wa wakati ule alitushauri tutafute rele inayojipima yenyewe, ambayo inafunguka pale tu alternateri imeshaanza kulisha. Ilitakiwa kuagizwa, tungengoja wiki mbili. Kulikuwa na wageni wanaokuja kutembelea mradi, nasi tulitaka taa za nyuma ziwake siku hiyo. Tulimwambia: unganisha kwenye kontaki, tutarekebisha baadaye. Baadaye haikufika. Fundi yule hana kosa. Ni sisi tuliotoa amri, na karatasi ya kazi ina sahihi yetu.

Na kuna jambo jingine ambalo ni vigumu kwetu kulisema. Karibu mwaka mmoja kabla ya usiku ule, shofere alikuja ofisini akatuambia: "Kila nikigeuza ufunguo, taa ya nyuma inapunguka nguvu. Zile batri zinashikana." Maneno yale yalikuwa jibu zima. Kama batri zimetengana, taa ya nyuma haitakiwi hata kujua kwamba mashini inawashwa. Tulimwambia sawa, tutaona. Hatukuandika popote. Angeyasema mtu wa kutoka nje mwenye kofia ya shirika, tungeyaandika.

Frigo ile ilitunza dawa iliyomsaidia yule mama usiku ule. Na frigo hiyohiyo ilikula moto wa kumfikisha hospitali. Hatuwezi kuitoa. Tunaweza kuiunganisha sawasawa.

Haya ndiyo tuliyofanya. Rele mpya, ile inayojipima, imeletwa kutoka Kampala: inafungua mlango alternateri ikipandisha batri juu ya volti 13.3, inaufunga moto ukishuka. Waya kati ya batri mbili ni nene zaidi, na kila ncha ina fizibu yake karibu na batri. Nyuma tumetia kizima-moto chekundu cha mkono. Jioni ya Ijumaa frigo inatolewa dawa, dawa zinarudi kituo cha afya, frigo inazimwa. Multimetri moja inakaa ndani ya gari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, shofere anaandika kwenye daftari namba mbili, mbele na nyuma. Zikianza kufanana kila siku, tunaitafuta rele siku hiyohiyo.

Kuhusu Papa Shofere. Ripoti yetu tumeiondoa kwa barua, na nakala iko hapa kwa komite. Mshahara wa miezi miwili umelipwa wote, nasi wa timu tumeutoa kwa pesa yetu, si kwenye sanduku la michango. Tulikwenda kwake nyumbani kuomba msamaha mbele ya mke wake na jirani zake, juu alisemwa vibaya mbele yao. Alitupa viti, akatupa chai, akasema: "Muniombe musamaha tu? Muniandikie ile daftari." Daftari ndilo hilo. Leo amekaa pale nyuma. Papa, tunarudia mbele ya wote: tulikukosea.

Kwa ninyi wafadhili: batri ya nne haitaombwa mwaka huu. Tunachoomba ni kidogo, kwamba siku ya kutembelewa isitufanye tukimbize kazi ya waya. Mkija na taa hazijawaka, tutawaambia kwa nini.

Kwa wamama na wababa wenye sola nyumbani. Umeme wa Budana haufiki kwa kila mlango, na kartiye hii imejaa batri. Mpime asubuhi, kabla jua halijaanza kulisha. Ikiwa chini ya 12.2 kila siku, ama paneli ni ndogo, ama ina vumbi, ama mnatumia kupita kiasi. Pima na mchana wa jua kali: ikiwa haipandi juu ya 13.5, tazama kosi zake, zile ncha zinazoshika batri. Ukiona unga mweupe au kijani, toa masi kwanza, plusi baadaye, sugua kwa maji ya moto yenye baikabonati, kausha, rudisha plusi kwanza, masi mwisho. Batri za kufungua mnaongeza maji safi ya batri tu, si ya bomba, wala asidi. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na batri inayochajiwa, inatoa gesi inayolipuka. Na batri iliyokufa isivunjwe jikoni ili kuyeyusha risasi ya kufanya mizigo ya nyavu. Moshi wake unaharibu akili za watoto, polepole, bila kelele.

Hayo ndiyo yetu. Tunapokea maulizo.

Ulizo la kwanza, la kijana mmoja: Ningenunua batri kubwa zaidi, shida haingeisha?

Jibu: Hapana, ingechelewa. Badala ya kufa Jumatatu, ingekufa Jumatano, na wewe ungeongeza pesa. Usinunue batri kabla hujajua ile ya kwanza iliuawa na nini.

Ulizo la pili, la mama aliyetuuliza pale mlangoni: Na siku nyingine kitu kikipotea, pesa ama mazutu, mtafanya tena vile mlivyofanya kwa shofere?

Jibu: Mama, tunaomba utukumbushe siku hiyo. Tumekubaliana na komite: hakuna mtu atakayesimamishwa kazi kabla kitu chenyewe hakijapimwa na mtu anayejua kupima, na kabla maneno ya anayeshitakiwa hayajaandikwa. Tulikuwa na maneno ya shofere mwaka mzima. Yangetuokolea dola 330, na zile dakika arobaini.